Maswali ya wasomaji: Mpiga vayolini wa Bach anapoanza kukwaruza nyuzi, ameharibikiwa au ameajiriwa?

Toleo lililopita nilimtaja mpiga vayolini mmoja Mmarekani, Paul Zukofsky, sentensi moja tu nikapita zangu, nikasema alikuwa mtoto wa kumbi kubwa za klasiki halafu akaja kuwa mtu wa kuaminiwa na watunzi wa muziki wa majaribio, yaani wanaojaribu sauti na mbinu mpya, basi mmenishukia na barua kama nimemtaja mchezaji wa Simba au Yanga. Nimechagua tano, ndefu nimezikata kidogo, majina yenu nimeyaacha kama kawaida ya safu hii.

Mwalimu shikamoo. Mimi niko gredi ya saba ya vayolini hapa Nairobi, nacheza Vivaldi, Mozart na Bach kidogo. Mwalimu wangu ananiambia nikigusa huo muziki wa majaribio nitaharibu mkono na sitarudi tena klasiki. Huyo Zukofsky aliacha klasiki lini na kwa nini? (Mwanafunzi wa vayolini, Nairobi)

Marahaba mdogo wangu. Swali lako lina mtego, maana jibu ni kwamba hakuacha. Na hapo ndo watu wengi wanapomkosea huyu mzee.

Zukofsky alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1943. Baba yake ni Louis Zukofsky, mshairi, mama yake mwanamuziki, yaani nyumba ya vitabu na noti tupu. Akiwa bado mdogo sana akapelekwa kwa Ivan Galamian, na kama hulijui hilo jina basi jua kwamba Itzhak Perlman na Pinchas Zukerman nao walipita kwa mzee huyohuyo. Galamian alikuwa mtu wa upinde na skeli. Skeli polepole, skeli kwa midundo tofauti, skeli hadi kichwa kiuamrishe mkono badala ya mkono kukimbia peke yake. Mwaka 1956 mtoto ana miaka 13 akafanya risaito yake ya kwanza Carnegie Hall. Sasa wewe fikiria, hapo njia imeshachorwa, kilichobaki ni kuzunguka dunia na konseto (kipande cha mpigaji mmoja na orkestra) ya Tchaikovsky na ya Brahms hadi nywele ziote mvi.

Yeye akageukia watunzi ambao bado wanapumua. Miaka ya 60 alikuwa Buffalo, jimbo la New York, ambako chuo kikuu kilikuwa na kituo cha wanamuziki wa kisasa, watu wanapewa muda na posho ya kufanya mambo ambayo hakuna promota angeyalipia. Akarekodi sonata za Charles Ives pamoja na mpiga piano Gilbert Kalish. Akarekodi Capriccio ya Mpolandi Penderecki, kitu kinachopiga kelele kuliko gereji. Lakini mtu huyohuyo akarekodi kaprisi zote 24 za Paganini, akarekodi sonata na partita za Bach, tena akarekodi na ragtime za kizamani za Kimarekani, zile za piano za baa. Kwake kulikuwa na meza moja na kila kitu kiko juu yake.

Nataka nikae kidogo kwenye kazi moja kwa sababu inajibu hofu ya mwalimu wako. John Cage, yule aliyetunga kipande cha kimya cha dakika nne na sekunde 33 mwaka 1952, alianza mwaka 1977 kuandika etudi, yaani vipande vya kunolea mbinu, za vayolini bila kusindikizwa. Zinaitwa Freeman Etudes, kwa jina la Betty Freeman, mama tajiri wa California aliyezilipia kazi hiyo (mama huyo ukitaka kumwona yupo kwenye mchoro maarufu wa David Hockney, amesimama nje ya nyumba yake na gauni la pinki). Zikaandikwa kwa ajili ya Zukofsky. Namna Cage alivyozitunga ni hivi, anachukua ramani za nyota, anaweka karatasi inayopitisha mwanga juu yake, anaweka alama pale penye nyota, alama inakuwa noti. Halafu kwa kila noti anauliza bahati, kwa kutumia kile kitabu cha kale cha Wachina cha I Ching, hii ipigwe kwa upinde wa namna gani, kwa nguvu au kwa upole, iwe noti safi au ipande kidogo au ishuke kidogo kuliko kawaida. Noti moja fortissimo, yaani kwa nguvu sana, kwa kisigino cha upinde, inayofuata inanong'ona kwenye ncha, na kati yao hamna hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Ikifika penye noti mbili au tatu kwa pamoja Cage anakwama, maana yeye si mpiga vayolini. Hapo anamuuliza Zukofsky. Kidole kikiwa hapa kwenye uzi wa G, kwenye uzi wa D naweza kufikia noti zipi? Zukofsky anamtajia zote zinazofikika. Bahati inachagua moja. Haya, vidole viwili vikiwa hapo, kwenye uzi wa A je? Zinatajwa tena. Na kazi iliendelea hivyo, kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) baada ya kodi. Sasa niambie mdogo wangu, ni mtu gani anaweza kujibu maswali hayo? Ni yule aliyepiga skeli za noti mbilimbili na Paganini hadi ubao wa vayolini anaujua kwenye giza. Mtu wa kukwaruza tu asingeweza kujibu hata swali moja. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema wa majaribio wamekimbia ugumu wa klasiki muulize hayo.

Na utamu unakuja hapa. Zilipangwa etudi 32. Walipofika katikati Zukofsky akasema basi, hizi haziwezi kuchezeka, na mwaka 1980 Cage akaziweka kabatini. Zikakaa. Mwishoni mwa miaka ya 80 Mwingereza Irvine Arditti akacheza zile za mwanzo, akazicheza kwa kasi kuliko Cage alivyotarajia. Cage akamuuliza kwa nini unakimbia hivyo, Arditti akamjibu kwamba ndivyo noti zako zinavyosema, zichezwe kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mzee akapata nguvu mpya, akarudi kabatini, akiwa na msaada wa msomi James Pritchett aliyekuwa amechimbua namna zilivyotungwa, akazimaliza mwaka 1990, na pale noti zilipojaa kupita kiasi akamwambia mpigaji cheza nyingi kadiri utakavyoweza. Arditti akazipiga zote Zurich mwaka 1991, Cage akafariki mwaka uliofuata.

Usimcheke Zukofsky kwa kusema haziwezekani. Leopold Auer, mwalimu mkubwa kabisa wa vayolini Urusi, alitunukiwa konseto ya Tchaikovsky mwaka 1878 akakataa kuicheza, Adolph Brodsky ndo akaitoa Vienna mwaka 1881, mkosoaji Hanslick akaandika kwamba muziki huo unanuka, leo hii kila mtoto wa mashindano anaicheza. Kwenye vayolini neno "haichezeki" huwa lina tarehe ya kuisha.

Kuhusu mkono, mwalimu wako ana hoja nusu. Mkono unaumia kwa kukaza bega na kwa kurudia kitu kwa hasira, iwe Penderecki au Wieniawski. Cheza skeli zako asubuhi. Mchana fanya mambo yako.

Mwalimu, mwanangu ana miaka 17, tumemlipia masomo ya vayolini tangu akiwa darasa la pili. Sasa hivi amejifungia chumbani anatoa sauti kama mlango uliokosa grisi, nikimuuliza ananiambia "mama hii ni mbinu". Majirani wameanza kuuliza. Je nimnyang'anye? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Mama, pole na hongera kwa pamoja. Usimnyang'anye.

Ngoja nikueleze anachofanya huko chumbani. Vayolini inatoa sauti nzuri pale ambapo vitu vitatu vimekubaliana, uzito wa upinde, kasi ya upinde, na mahali upinde ulipo kati ya daraja (kile kibao kinachoinua nyuzi) na ubao wa vidole. Ukivuta kwa kasi ndogo halafu ukakandamiza kwa nguvu, uzi unashindwa kutetemeka vizuri, unakwama unaachia unakwama unaachia bila mpangilio, ndo hiyo sauti ya mlango. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaitoa bila kutaka. Mpigaji wa muziki wa kisasa anaitoa anapotaka, kwa urefu anaotaka, halafu noti inayofuata inatoka safi kama hakuna kilichotokea. Mtunzi wa Kijerumani Helmut Lachenmann ametunga vipande vizima kwa malighafi hiyo, ana kimoja kidogo cha mwaka 1986, Toccatina, ambamo mpigaji anageuza upinde na kugusa uzi kwa ile skrubu ya mwisho wa upinde, sauti inatoka ndogo kiasi kwamba ukumbini watu wanaacha kukohoa wenyewe.

Kuna dada Mjapani, Mari Kimura, aliyesoma Juilliard New York, yeye aligundua kwamba ukidhibiti huo ukandamizaji kwa hesabu kali sana, uzi wa G, ule wa sauti ya chini kuliko zote, unatoa noti za chini kuliko yenyewe, hadi oktavu nzima chini, bila kulegeza uzi. Yaani vayolini inatoa noti ambazo vitabu vinasema haina. Alizionyesha mbele ya watu New York mwaka 1994 na watu walidhani ana mashine mahali. Hamna mashine, ni upinde tu na miaka ya subira.

Kwa hiyo kipimo chako mama ni hiki. Ingia chumbani, mwambie mwanangu hebu nifanyie hiyo sauti. Akimaliza mwambie irudie, vilevile, urefu uleule. Halafu mwambie aitoe kwa sauti ndogo. Akiweza basi anasoma, mwache. Akishindwa kila mara inatoka nyingine, basi anacheza cheza, mwambie kwa upole arudi kwa mwalimu. Majirani wape ratiba, hilo halina falsafa.

Na ukitaka umwonyeshe mtu wa kuigwa ambaye hutamwonea aibu, mtafute Patricia Kopatchinskaja. Alizaliwa Chișinău, Moldova, 1977, baba alipiga simbalomu na mama vayolini, muziki wa kienyeji wa kwao, familia ikahamia Vienna akiwa msichana mdogo. Huyu anacheza konseto ya Tchaikovsky na ya Beethoven, na anacheza Ligeti na Eötvös, na jukwaani anapanda pekupeku. Mkono ulipomsumbua kipindi fulani hakukaa nyumbani kulia, alijifunza sehemu ya sauti ya Pierrot lunaire ya Schoenberg, ile inayosemwa nusu inayoimbwa nusu, na akaifanya jukwaani. Wapo wanaosema anatia chumvi sana. Mi nasema heri chumvi.

Assalam aleikum mwalimu. Napiga fidla kwenye taarab hapa Unguja, nimejifunza kwa kusikia na baadae nikasoma noti. Nimesikia hao wa majaribio wanaringia robo toni, zile noti za katikati ya noti mbili za piano. Sisi robo toni tumezikuta kwa wazee. Je na sisi tuhesabiwe? (Mpiga fidla, Mji Mkongwe)

Waaleikum salaam sheikh. Barua yako imenichekesha halafu ikanikalisha chini.

Una haki. Klabu ya Ikhwani Safaa imekuwepo tangu 1905, na ile namna ya fidla za taarab kutembea na sauti ya muimbaji, kuteleza kuelekea noti badala ya kuruka juu yake, imetokana na maqamu (mifumo ya noti) za Kiarabu zilizopita Misri zikaja kwetu, na ndani ya maqamu kama rast na bayati kuna noti ambazo piano haina. Wenzetu wa Ulaya walilelewa na sikio la piano, ikabidi wajifunze upya ukubwani. Mtunzi wa Romania George Enescu, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga vayolini wa hatari na ndiye aliyemfundisha Yehudi Menuhin, mwaka 1926 alitunga sonata ya tatu ya vayolini na piano kwa tabia ya muziki wa kienyeji wa kwao, akaandika kila mtelezo na kila robo toni kwenye karatasi. Ukiitazama ile karatasi utaona ni mtu anahangaika kuandika kitu ambacho babu yako wa fidla anakifanya huku anaongea na mtu wa pembeni.

Ila sasa, na hapa usinikasirikie. Kuna tofauti kati ya robo toni ya maqamu na ile ya Cage. Yako ina nyumba, inajua inatoka wapi na inarudi wapi, msikilizaji wa Zanzibar ukiikosea anageuka. Ile ya Freeman Etudes imeangushwa na bahati, haina nyumba, na mpigaji inabidi aipige kwa usahihi uleule bila msaada wa melodi. Sikio lako litakusaidia kwenye la kwanza moja kwa moja. Kwenye la pili itabidi uliambie lisahau, na kusahau ni kazi kuliko kujifunza.

Ukitaka mahali pa kukutana nao nusu njia, sikiliza kipande cha Morton Feldman kinachoitwa For John Cage, cha mwaka 1982, vayolini na piano, kinapita saa moja na ushee, chote ni sauti ya chini mno. Zukofsky amekirekodi na Mjapani Aki Takahashi kwenye piano. Vayolini inakaa pembeni kidogo ya piano kwa tuni, umbali mdogo sana, halafu inarudi, halafu inakaa pembeni tena. Mtu wa taarab akikisikia hiki hahitaji maelezo, ingawa atauliza muimbaji anaingia saa ngapi.

Mwalimu, swali fupi. Mbinu hizi zinaharibu vayolini? Nina moja tu na nimeinunua kwa mkopo. (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri kuliko yote. Kukandamiza upinde hakuharibu kitu zaidi ya kumaliza nywele za upinde mapema na kujaza ule unga wa utomvu juu ya mbao, pangusa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Kupiga nyuma ya daraja, kama wanavyofanya wale wapigaji 52 kwenye kipande cha Penderecki cha wahanga wa Hiroshima, hakuna shida. (Kipande hicho kwanza kilibeba jina la dakika zake tu, nane na sekunde 37, jina la Hiroshima lilikuja baadae, na ni jina hilo lililokipeleka mbali.)

Kinachoharibu ni kupiga nyuzi kwa mti wa upinde. Hiyo inachubua vanishi ya upinde, na mti ukiwa wa bei unaweza hata kupasuka. Wapigaji wengi wa orkestra wana upinde wa pili, wa bei chee, wanauita wa vita, unatoka siku za namna hiyo tu. Nunua upinde wa fiberi, usiguse ule mzuri. Na kubadilisha tuni za nyuzi kila mara kunakata nyuzi, kwa hiyo weka pakiti ya ziada. Kama mkopo haujaisha usiruhusu mtunzi yeyote akuambie gonga mwili wa vayolini kwa pete, mwambie agonge ya kwake.

Mwalimu habari. Mimi nimemaliza chuo, napiga harusini, kwenye hoteli, kanisani na kwenye orkestra ikiwa na konseti. Napenda huu muziki mpya kuliko hivyo vyote. Hawa watu unaowataja walikuwa wanakula nini? Na mtu wa huku aanzie wapi? (Mpiga vayolini, Kampala, lakini mtu wa Tanga)

Njema ndugu yangu. Walikuwa wanakula kwa kuunganisha unganisha, kama wewe.

Mtazame Arditti. Alizaliwa Birmingham 1953, akaingia Royal Academy of Music London, na akiwa bado mwanafunzi, 1974, akaanzisha kundi la vayolini mbili, viola na selo kwa ajili ya muziki mpya tu. Kundi halikumlisha mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 70 alikuwa miongoni mwa viongozi wa vayolini wa London Symphony Orchestra, kazi ya heshima na ya mshahara, na mwaka 1980 akaiacha ili ashike kundi lake. Hiyo ni miaka sita baada ya kulianzisha, nakuomba uitazame hiyo hesabu kabla hujaandika barua ya kuacha kazi hotelini. Baadae likawa kundi ambalo mtunzi akiota ndoto mbaya analipigia simu. Stockhausen aliwapandisha kwenye helikopta nne, kila mpigaji na yake, Amsterdam mwezi wa sita 1995, wanapiga huko juu na sauti zao zinachanganywa na za mapanga ya helikopta na kuletwa ukumbini. Sijui gharama ya mafuta waligawana vipi. Mwaka 1999 wakapewa tuzo ya Ernst von Siemens, na kwenye fani hii hakuna nyingi za juu ya hiyo.

Zukofsky yeye alipita njia nyingine, alirekodi, alifundisha, alianzisha lebo yake mwenyewe ya rekodi ili asibembeleze kampuni kubwa, alikwenda Iceland akaongoza orkestra ya vijana Reykjavik, miaka ya 90 akawa mkurugenzi wa taasisi ya Arnold Schoenberg kule Los Angeles. Hata ile opera ya Philip Glass, Einstein on the Beach, ambamo mpiga vayolini anakaa jukwaani amevaa kama Einstein, kwenye rekodi ya kwanza vayolini ni yake. Alifariki Hong Kong mwaka 2017. Na alikuwa mtu mgumu, haki za mashairi ya baba yake alizilinda kwa makali hadi aliwaandikia wasomi waziwazi kwamba ni afadhali wasimsome baba yake kabisa. Ugumu huohuo ukiuhamishia kwenye noti za Cage unauelewa.

Kitu ambacho wote hawa wanacho na ambacho hakihitaji pesa ya Ulaya ni hiki, wanafanya kazi na mtunzi aliye hai. Mwaka 1935 Louis Krasner, mpiga vayolini kijana, alimwendea Alban Berg akaagiza konseto kwa hela yake, Berg hakuwa hata anaiwaza, leo bila Krasner hatuna konseto hiyo. Hilary Hahn, ambaye ni klasiki kabisa, aliagiza vipande vifupi kwa watunzi tofauti hadi akafikisha 27, na mwaka 2012 akatoa albamu ya papo kwa papo na Mjerumani Hauschka anayepiga piano iliyopachikwa vitu ndani. Mtunzi hai unamuuliza hapa ulitaka nini, anakujibu, anabadilisha, na siku ya kupiga wewe ndo mwenye kipande. Mozart hakupi nafasi hiyo.

Na wewe upo Kampala ndugu yangu, sasa unaniuliza uanzie wapi! Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika kwartet ya nyuzi ambayo sehemu yake Kronos Quartet ya Marekani waliipiga kwenye albamu yao Pieces of Africa ya 1992, imejengwa juu ya midundo ya Kiganda, na vayolini humo ndani zinapiga kazi ambayo mtu aliyekulia kwenye ngoma ataishika haraka kuliko mtu wa Vienna. Tafuta wenzako watatu, mmoja viola mmoja selo, ianzeni hiyo. Halafu muulizeni mtunzi yeyote mnayemfahamu hapo mjini, hata kama ni wa kwaya, awaandikie dakika tatu.

Kwa kipande cha peke yako, mwanafunzi wa Nairobi pia asikilize hapa, msianze na Freeman Etudes, mtalia. Anzeni na Cheap Imitation ya Cage. Kisa chake ni kwamba mtengeneza dansi Merce Cunningham alikuwa ametengeneza dansi juu ya muziki wa mtunzi Mfaransa Satie, wachapishaji wakakataa kutoa ruhusa ya kuupanga kwa piano mbili, Cage mwaka 1969 akashika midundo ileile ya Satie akabadilisha noti kwa bahati ili dansi iendelee na hakuna wa kumshtaki. Mwaka 1977 akaitengenezea vayolini kwa ajili ya Zukofsky, na ndo iliyowazoesha kufanya kazi pamoja. Ni mstari mmoja mtupu, hamna kodi, hamna kukwaruza. Pigeni bila vibrato (kutikisa kidole kwenye uzi) wiki ya kwanza, washeni drone, yaani sauti moja isiyokatika, ya D kwenye simu, kila noti ndefu isimamisheni hadi mjue imekaa wapi. Halafu niandikieni ni ukurasa gani uliowashinda, maana upo.